Ngome ya Kichwa Chini

Chama chetu cha sataranji hukutana Jumamosi alasiri katika chumba cha ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, hapa Machakos mjini. Mwenye jengo hufunga geti saa kumi na mbili jioni, wala hajali ni nani anakaribia kumfunga mfalme wa nani. Ndiyo maana tuna desturi ambayo wageni huiona ya ajabu: mchezo ambao haujaisha geti linapofungwa hauahirishwi, unahukumiwa palepale. Walioanzisha chama waliona kwamba ukimpa mtu wiki nzima ya kufikiria hatua moja, atarudi na mawazo ya ukoo wake wote.

Kwa miaka mingi hakimu alikuwa mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa hisabati ambaye sote humwita Mwalimu. Alisimama kando ya meza, mikono nyuma, akatazama, kisha akatamka: nyeupe, nyeusi, au sare. Baadaye ikaanza minong'ono kwamba huwapendelea aliowafundisha, na mjini hapa ni vigumu kumpata mtu ambaye hakumfundisha. Akachoka. Akasema kazi hiyo ifanywe na programu niliyokuwa nikiiandika na binamu yangu, kwa kuwa programu haina wanafunzi wa zamani.

Mimi ni mwandishi wa habari. Huripoti mahakama, bunge la kaunti, na mvua zinapochelewa. Kuandika programu nilijifunza ukubwani, kama wengine wanavyojifunza gitaa. Binamu yangu ndiye mwenye mkono wa picha. Yeye alichora ubao na kete zinazoonekana kwenye skrini, halafu akapata kazi katika ofisi ya kiwanda kimoja huko Mavoko, akaniachia yaliyobaki. Yaliyobaki yalikuwa ni ubongo wenyewe.

Jumamosi ninayoikumbuka, geti lilipogongwa na mlinzi kwa chuma kutukumbusha saa, meza moja tu ilikuwa bado na mchezo. Upande wa kete nyeupe alikuwa mama mmoja mzaliwa wa Kathiani anayeuza dawa katika duka karibu na soko, ambaye mtaa mzima humwita Daktari na yeye amechoka kuwarekebisha. Upande wa nyeusi alikuwa Hajji, mfanyabiashara wa mbuzi, mtu mpole anayecheza kama anayesikiliza. Timu yetu ya kwenda mashindanoni Kisumu ilikuwa imebakiwa na nafasi moja. Sare ingemtosha Hajji, kwa sababu alikuwa mbele kwa alama tangu mwanzo wa msimu. Daktari alihitaji kushinda. Mara mbili alikuwa ameandikwa mchezaji wa akiba na mara zote mbili hakuna aliyeugua. Safari hii alikuwa ameshamtafuta mtu wa kumshikia duka.

Na alikuwa vizuri. Askari wake mmoja, katika zile kete ndogo za mbele, alikuwa amefika mwisho wa ubao akapandishwa cheo kuwa malkia. Malkia wake wa kwanza alikuwa bado hai, na seti zetu zina malkia mmoja tu kwa kila rangi, basi akafanya tunavyofanya siku zote. Alichukua ngome, ile kete ya pembeni yenye umbo la mnara, iliyokwisha kuliwa, akaigeuza kichwa chini, akaisimamisha pale. Kwetu, ngome ya kichwa chini ni malkia wa pili. Hakuna anayeuliza. Malkia wawili dhidi ya mmoja, na mfalme wa Hajji akiwa uwanjani bila nguo.

Niliingiza mchezo wote kwenye programu, hatua baada ya hatua, kutoka kwenye karatasi walizoandikia. Ngome ya kichwa chini ikatokea kwenye skrini pale pale ilipokuwa mezani. Programu ikafikiri. Ikatoa sifuri, ambayo katika lugha yake ni sare.

Mwalimu alisoma ile sifuri mara mbili. Hajji alitazama ubao, akaitazama skrini, akarudi kwenye ubao. Daktari hakupiga kelele. Aliniuliza tu kama nilikuwa na uhakika, nami nikasema programu inaona mbali kuliko sisi. Mwalimu akaamua kwamba majina ya timu yatapelekwa Jumamosi ijayo, na kama kuna mwenye pingamizi alilete kabla ya hapo. Mlinzi akagonga geti tena.

Jumapili baada ya kanisa nilifungua kompyuta kwa sababu moja tu: nilitaka kuiona hiyo sare kwa macho yangu. Nilipanga kete kwa mkono, kila moja mahali pake kama zilivyokuwa mezani, malkia wawili wa nyeupe na mengine yote. Nikabonyeza. Programu ikasema nyeupe inashinda, tena bila kusita.

Nilidhani nimekosea kupanga. Nikaingiza tena mchezo kwa hatua, tangu mwanzo. Sare. Nikapanga tena kwa mkono. Ushindi. Nimeshasikiliza mashahidi wengi mahakamani, na wawili wakitofautiana huwa najua cha kufanya: nani alisimama wapi, nani aliona nini, nani ana sababu ya kudanganya. Hapa shahidi alikuwa mmoja. Aliulizwa swali lilelile na akatoa majibu mawili kwa uso uleule.

Kitu cha kwanza nilichokishuku ni mgongano. Nieleze kidogo. Programu ya sataranji hutazama mipangilio mingi mno ya kete, na mpangilio mmoja unaweza kufikiwa kwa njia nyingi, kama unavyoweza kufika sokoni kwa barabara ya juu au ya chini. Ili isirudie kazi, huupa kila mpangilio namba ndefu, mfano wa kitambulisho, na kuweka jibu lake kwenye jedwali chini ya namba hiyo. Kila aina ya kete, katika kila mraba, imepewa namba yake iliyookotwa tu bila mpango. Zile za kete zilizoko ubaoni huchanganywa zikawa moja. Kete ikihama, namba ya mraba wa zamani inatolewa na ya mraba mpya inaingizwa. Hatari ni kwamba mipangilio miwili tofauti inaweza kupata kitambulisho kimoja. Hapo programu huupa mmoja jibu la mwingine, na haina habari.

Kupima si vigumu, ni kuchosha tu. Pamoja na kila namba unaweka picha kamili ya ubao. Kila mara programu inaposema, "Huu naujua," unalinganisha picha iliyowekwa na ubao ulio mbele yake. Zikitofautiana, unahesabu mgongano mmoja. Nilikuwa na kifaa cha kupima namna hiyo, nilichokiandika mwanzoni kabisa. Kilipokea picha ya mpangilio na kuanzia hapo.

Jumatatu asubuhi kabla ya kwenda mahakamani nilikipa mpangilio wa kuanzia mchezo. Migongano: sifuri. Nikakipa mpangilio wa Daktari na Hajji. Sifuri. Nikakiacha kikifanya kazi nilipokuwa naripoti kesi ya shamba, nikarudi mchana, nikala muthokoi uliopoa nikiitazama skrini. Sifuri.

Jumanne nililiongeza jedwali ukubwa. Sare ikabaki sare. Nikalipunguza. Sare. Mwishowe nikalizima jedwali lote, nikaiambia programu isikumbuke chochote, ifikirie kila kitu upya kama mtu aliyeamka sasa hivi. Kama kosa lilikuwa vitambulisho kugongana ndani ya jedwali, basi bila jedwali kosa lingeondoka.

Sare.

Hapo nilipotea kabisa. Jedwali lilikuwa limesafishwa jina mara mbili, kwa kipimo na kwa kuondolewa. Niliandika kwenye karatasi mambo niliyokuwa na uhakika nayo, kama ninavyofanya kabla ya kuandika habari, na nilipomaliza karatasi ilikuwa na mstari mmoja: ubao ni uleule. Nilifungua picha mbili za skrini, ya mkono na ya hatua, nikaziweka bega kwa bega. Nikahesabu kete kwa kidole. Mfalme hapa na hapa. Malkia. Malkia wa pili. Askari. Uleule.

Jumatano kikohozi kilinipeleka duka la dawa, au nilikitumia kama kisingizio, sijui. Daktari alikuwa na ubao mdogo wa plastiki chini ya kaunta, mpangilio wake ukiwa umepangwa juu yake, na ngome ndogo imesimama kichwa chini. Alinihudumia kwanza. Alinieleza dawa inywewe baada ya chakula. Kisha akauinua ubao, akauweka juu ya kaunta kati ya dawa za meno na sabuni.

"Mwandishi, nionyeshe hiyo sare iko wapi."

Nikasema bado naangalia.

"Siku ya kwanza nilijua nimeshinda," akasema. "Siku ya pili nikasema, labda kuna kitu. Jana nikaanza kuiona. Nikienda hapa, yeye anaenda hapa. Usiku nikajiambia, kumbe wewe huwa unashinda kwa bahati tu."

Mzee mmoja nyuma yangu aliyekuwa akisubiri dawa ya presha akauliza kama tutamaliza mchezo leo au arudi mwezi ujao. Daktari akamwambia angojee, huyu ni mgonjwa pia, tena mashine yake ndiyo mgonjwa zaidi. Mzee akasema basi ipewe sindano. Tulicheka, lakini Daktari aliacha kucheka mapema kuliko sisi.

"Kama ni sare, iseme vizuri niikubali," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nisichotaka ni kukaa hivi."

Sikumwambia kwamba nyumbani programu ileile inasema ameshinda. Nilikuwa na majibu mawili na sikujua lipi ni habari na lipi ni uvumi. Nikalipia dawa nikatoka, na barabarani nikaona kwamba nilikuwa nimeshika karatasi ya dawa ya mtu mwingine, ikabidi nirudi.

Alhamisi ndipo nilipotambua kwamba kifaa changu cha kupima hakijawahi kuuona mchezo wenyewe. Kilipokea picha ya mpangilio, ileile niliyoipanga kwa mkono. Hakikujua historia. Nilikuwa nikimhoji shahidi mmoja tu, tena yule ambaye hakuwa na tatizo, wiki nzima. Nikakibadilisha kipokee hatua za mchezo, kuanzia ya kwanza. Nikakiwasha.

Migongano haikuhesabika. Namba ilipanda kama mita ya petroli, ikapanda, nikakizima kwa hofu kana kwamba kitaharibu meza. Kisha nikakiambia kinionyeshe jozi ya kwanza tu: ubao mmoja na mwingine, tofauti lakini wenye kitambulisho kimoja. Zilikuwa sawa kwa kila kete isipokuwa moja. Malkia wa pili alikuwa mraba mmoja katika ubao wa kwanza na mraba mwingine katika wa pili. Jozi iliyofuata, vilevile. Iliyofuata, vilevile. Kila mahali alipokwenda, namba ya ubao haikusogea. Kwenye vitambulisho hakuwepo.

Na ndani ya programu hakuwa malkia. Kete za sataranji ni za aina sita, rangi mbili, jumla kumi na mbili. Hii ilikuwa imeandikwa aina ya kumi na tatu.

Nilimpigia binamu yangu simu. Alipokea akiwa kazini, nyuma yake kukisikika mashine.

"Niaje, mkubwa. Iko nini?"

Nikamuuliza aina ya kumi na tatu ni nini.

"Si ile ngome ya kichwa chini? Mwalimu alikataa skrini bila hiyo. Alisema malkia wawili wamefanana, wazee wanachanganyikiwa, weka kama mezani. Nikaweka. Inatembea kama malkia, inakula kama malkia. Kwani inasumbua?"

Nikamwambia haina namba. Akauliza namba gani. Hapo nikaelewa, na hata leo siwezi kusema ni kosa la nani. Zile namba zisizo na mpango zilijazwa kwa aina kumi na mbili, kama ilivyo duniani kote. Yeye aliongeza nafasi ya kumi na tatu ili picha ikae, na nafasi hiyo ikabaki na sifuri kila mraba, na sifuri ikichanganywa haibadilishi kitu. Mtu wa Ulaya au Nairobi hangeweza kufanya kosa hili, kwa sababu hangekuwa na sababu ya kuichora ngome kichwa chini. Na mimi nilikuwa nimezitazama picha mbili za skrini, moja ina taji na nyingine ina ngome iliyogeuzwa, nikahesabu kwa kidole na kusema uleule. Jicho langu lilikulia katika chumba kile. Halikuona tofauti kwa sababu kwetu hakuna tofauti.

Sare yenyewe ilieleweka nilipofuata njia ya programu. Mpangilio ukijirudia mara tatu mchezo ni sare, na programu hutambua kujirudia kwa kulinganisha vitambulisho, si kwenye jedwali bali kwenye orodha ya hatua zilizopita. Ndiyo maana kulizima jedwali hakukusaidia. Daktari angempeleka malkia wake wa pili kwenda kumfunga mfalme, Hajji angesogeza mfalme huku na kurudi, na programu ingeona mfalme tu akienda na kurudi. Mengine yote, kwake, yalikuwa yamesimama. Ikasema: hawa wanazunguka. Sare.

Nikaipa ile aina namba zake. Nikaingiza mchezo kwa hatua. Nyeupe inashinda. Nikapima migongano. Sifuri. Nilikaa nikiitazama ile sifuri, kwa sababu nilikuwa nimeiona pia Jumatatu, ikiwa na sura hiyohiyo.

Jumamosi nilifika mapema kuliko kawaida. Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho, mikono nyuma, kisha akauliza swali moja: sasa waamini jibu lipi? Nikamwambia la pili. Akasema la kwanza pia nililitoa kwa sauti hiyohiyo. Akapendekeza kwamba kwa kuwa hakimu ameugua, wawili hao wakae wamalize mchezo kuanzia pale ulipoachwa. Lilionekana jambo la haki. Baadhi ya watu wakaanza kusogeza viti.

Daktari hakusogea.

"Mwalimu, mimi nilicheza mpaka geti. Desturi ni geti. Mashine yenu ilale vibaya, halafu mimi ndiye nirudie?"

Mwalimu akasema hakuna anayemlaumu. Daktari akasema ndiyo, lakini wiki nzima alikuwa amejilaumu mwenyewe, na hakuwa tena yule aliyeketi pale Jumamosi. Yule alikuwa ameuona ushindi. Huyu amekaa siku saba akiitafuta sare. Mkimkalisha huyu, anaweza hata kuipata. Watu walicheka kidogo, bila kujua kama walitakiwa kucheka. Kwa upande mmoja alikuwa na haki. Kwa upande mwingine, nani angemnyima Hajji nafasi kwa neno la programu iliyokuwa imeshasema neno jingine?

Ndipo nikamgeukia Hajji, nadhani kwa mazoea ya kazi tu, kwa sababu alikuwa mtu pekee chumbani ambaye hajasema. Nikamuuliza yeye aliuonaje ule mchezo geti lilipogongwa.

Alikuwa amekaa karibu na dirisha, fimbo yake ya mnadani imeegemea ukuta.

"Niliona nimeshindwa," akasema. "Nilikuwa natafuta mahali pa kumlaza mfalme ndipo mkaleta kompyuta."

Mwalimu akamuuliza kwa nini hakusema.

"Ikasema sare. Nikajua kuna kitu mimi sioni. Nimekitafuta wiki nzima, Mwalimu. Nimekitafuta hata sokoni, mbuzi wananiangalia. Nilidhani mama huyu na mashine wanaona, mimi peke yangu ndiye nimezeeka." Kisha akanitazama, bila ubaya. "Na wewe, mwandishi, hukuniuliza. Uliuliza ile."

Nimeshawafundisha wanagenzi wengi kwamba habari ya ugomvi haiandikwi kabla ya kuzisikia pande zote mbili.

Hajji aliinuka akaenda kwenye meza ambayo Mwalimu alikuwa ameshaipanga upya kete zilivyokuwa. Akamchukua mfalme wake mweusi, akamlaza ubavu taratibu kama afanyavyo anayekubali kushindwa, akamwambia Daktari amletee samaki akirudi. Daktari akamwambia samaki wa bwawa la Masinga si yupo hapa karibu. Hajji akasema wa Masinga anamjua, anataka wa Kisumu, aliyekaangwa. Mwalimu akaandika jina. Hilo lilichukua muda mfupi kuliko kufungua kompyuta.

Baadaye, tulipokuwa tukikusanya kete, Daktari alikuja nilipokuwa. Nilidhani atanishukuru au atanigombeza, na nilikuwa tayari kwa vyote viwili. Akaniuliza kama sasa nina hakika kwamba alikuwa ameshinda. Nikamwambia programu inasema hivyo, Hajji anasema hivyo, na kipimo kinatoa sifuri.

"Wewe je?"

Nikautazama ubao. Malkia, ngome ya kichwa chini, mfalme aliyelala. Nilijaribu kuufuata ushindi hatua kwa hatua kichwani mwangu, bila skrini, nikafika ya tatu nikapotea. Nikamwambia ukweli: mimi siuoni.

"Hata mimi leo siuoni vizuri," akasema. "Utarudi machoni. Safari ni ndefu."

Akaichukua ngome, akaigeuza ikasimama kwa miguu yake, akaiweka ndani ya sanduku pamoja na nyingine. Chini mlinzi alikuwa ameanza kugonga geti.